Leseni Ni ya Gari, Ithibati Ni ya Abiria

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwembe Tayari, Mombasa. Mama mmoja wa makamo yuko kwenye kiti cha magurudumu kando ya barabara, mkoba kaupakata, anangoja gari la kwenda Bombolulu. Gari la kwanza likasimama, konda akamwona, akapiga ubavu wa gari mara mbili, likaondoka. Konda wa gari la pili alikuwa na la kusema: "Mama, panda ya nyuma, yaja tupu." La nyuma lilikuja tupu kweli, lakini halikusimama. Mimi nilikuwa pale na daftari, maana kazi yangu ni kufundisha madereva na makondakta namna ya kuwahudumia abiria wenye ulemavu. Nilihesabu magari saba yaliyompita.

Kijana wa gari la nane aliteremka, akachutama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa yule mama, akasema, "Shikamoo mama. Wapenda nikusaidie vipi?" Mama akamwelekeza. Alifunga breki za kiti chake mwenyewe, akashika nguzo ya mlango, akajivuta hadi kiti cha kwanza ndani. Kisha akamwambia kijana atoe mto, ashike kitambaa cha kukalia katikati akivute juu, na kiti cha magurudumu kikajikunja chenyewe. Kijana akakiinua kwa kushika fremu. Hili la fremu nataka wasomaji walione vizuri, kwa sababu wengi hushika vikanyagio vya miguu au vipumzishio vya mikono, navyo katika viti vingi vimetengenezwa ili vichomoke. Ukiviamini, utabaki na kikanyagio mkononi na kiti kiko mtaroni. Shughuli yote ilichukua dakika mbili na kitu, na sikusikia abiria hata mmoja akinung'unika.

Magari yote manane yalikuwa na leseni. Yote yalikuwa na kibandiko cha bima kiooni na mstari wa njano ubavuni. Kwa macho ya sheria yalikuwa sawasawa, na kwa yule mama yalitofautiana kama usiku na mchana, ila hakuwa na njia ya kujua mapema lipi ni lipi. Hapo ndipo ithibati inapoingia.

Ithibati ni ushahidi unaotolewa na mtu wa nje, baada ya kukagua, kwamba huduma fulani imefikia kiwango kilichotangazwa. Tumezoea kulisikia neno hilo kwenye vyuo na maabara. Leseni husema gari hili linaruhusiwa kubeba watu. Ithibati ninayoizungumzia hapa ingesema sacco hii, yaani chama cha wenye matatu, huwabeba vizuri watu wenye ulemavu, tumeona kwa macho yetu, na tutarudi kuangalia tena.

Sheria tunazo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, ya kuitwa kwa jina lisilomdhalilisha, na ya kufikia ipasavyo maeneo yote, usafiri wa umma na habari. Kabla ya hapo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilikuwa imewataka wenye magari ya abiria wayarekebishe yawafae, na mwaka 2025 sheria mpya ikachukua nafasi yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 900,000 wenye ulemavu nchini, kuanzia umri wa miaka 5, na ugumu wa kutembea ndio uliotajwa na wengi kuliko mwingine wowote. Hao ni abiria. Bombolulu penyewe kuna karakana zilizoanza mwaka 1969 ambako mafundi wenye ulemavu hutengeneza vito, nguo na vinyago. Barabara ile imekuwa ikipitisha abiria wa namna hii kwa zaidi ya nusu karne, kwa hiyo hakuna sacco ya huko inayoweza kusema imeshtukizwa.

Kwa nini basi konda wa gari la kwanza akapiga ubavu wa gari? Nimemwuliza swali hilo kila konda niliyemfundisha, na jibu halibadiliki: hesabu. Tajiri mwenye gari anataka fedha yake kamili jioni, mafuta yatoke, askari wa njiani nao wana yao, na kinachobaki ndicho cha dereva na konda. Kila dakika mbili kituoni ni abiria wawili watatu watakaochukuliwa na gari la mbele. Ukimfundisha konda adabu na hesabu ukaiacha kama ilivyo, umempa mzigo usiolipwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ithibati isitolewe kwa konda wala kwa gari moja. Itolewe kwa sacco. Kanuni za mwaka 2014 zilimtaka kila mwenye matatu awe ndani ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na huko ndiko kuna viongozi wanaoweza kukaa na matajiri wakakubaliana kwa maandishi kwamba muda wa kumpakia abiria mwenye ulemavu hautakatwa kwenye mkate wa mfanyakazi.

Kuna na suala la skwadi. Konda wa gari huchoka, humpa kijana mwingine mizunguko miwili mitatu naye akale chakula. Huyo wa skwadi hajahudhuria mafunzo yoyote, na huenda sacco haimjui hata jina. Nimeshuhudia gari ambalo asubuhi lilikuwa mfano wa kuigwa, na saa nane mchana likamwacha mzee mwenye magongo akisimama juani. Gari lile lile, kibandiko kile kile. Sacco inayotaka ithibati lazima ionyeshe orodha ya skwadi wake nao wawe wamefundishwa. Mkaguzi asiyeuliza kuhusu skwadi haijui kazi ya matatu.

Wenzetu wa Uingereza wamelijaribu jambo hili kwa hiari. Serikali yao ilitoa mkakati wa usafiri jumuishi mwaka 2018, na mwaka 2020 ikaanzisha mpango wa kuwatambua wasafirishaji wanaowahudumia vizuri watu wenye ulemavu. Kampuni iliomba yenyewe na kuleta ushahidi wake. Lakini kinachonivutia zaidi huko ni kesi ya Doug Paulley, mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Mwaka 2012 alishindwa kupanda basi la kwenda Leeds kwa sababu nafasi ya kiti cha magurudumu ilikuwa na kigari cha mtoto, na mama wa mtoto akakataa kukisogeza. Dereva aliomba, akakataliwa, akaishia hapo. Mwezi Januari 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kuomba tu hakutoshi. Abiria akikataa bila sababu ya maana, dereva aendelee kumshinikiza, hata ikibidi asimamishe basi kwa dakika chache. Nawasomea makondakta wetu hukumu hiyo kwa sababu wao pia husema, "Niliwaomba abiria wa mbele wahame, hawakutaka." Kile kiti cha karibu na mlango ni mali ya anayekihitaji, na konda ndiye mwenye gari kwa wakati ule.

Sasa, mkaguzi aangalie nini? Ningeanza na nauli. Abiria wengi wa viti vya magurudumu hulipishwa mara mbili, nafsi yao na kiti chao, eti kiti kimekalia nafasi ya mtu. Kiti cha magurudumu si gunia la viazi. Ni miguu ya mtu, na miguu hailipiwi nauli. Sacco inayotoza kiti isipewe ithibati hata kama magari yake yamepakwa rangi ya dhahabu.

Halafu abiria asiyeona. Makosa ya hapa mengi yanatokana na huruma. Konda humshika fimbo nyeupe akaivuta, au humshika mkono akamburura mpaka ndani, naye hajui ngazi iko wapi wala kama dari ni fupi. Linalotakiwa ni kumwambia wewe ni nani, umpe kiwiko chako akishike yeye, umwambie "ngazi moja, kisha inama," na mkono wake uuweke kwenye mgongo wa kiti atakachokalia. Chenji imhesabiwe kwa sauti, noti kwa noti. Na akifika anakoshukia aambiwe jina la kituo, maana muziki ukiwa umefunguliwa mpaka vioo vinatikisika, hasikii kona wala daraja la Nyali linapopita chini yake. Siku hizi nauli nyingi hulipwa kwa simu, na namba ya kulipia imebandikwa kwenye kioo. Abiria asiyeona ataisomaje? Konda aitaje kwa sauti bila kungoja kuulizwa. Hili halina gharama hata ya shilingi moja.

Kwa kiziwi, dawa ni kuandika. Nauli kwenye skrini ya simu, jina la kituo kwenye kipande cha karatasi, na konda asimame anapoonekana uso. Makondakta wetu ni hodari wa kuzungumza kwa vidole kutoka mlangoni gari likienda kasi. Mafunzo ya siku moja ya lugha ya ishara huwakaa kichwani kuliko watu wa ofisini ninaowafundisha. Mtu mwenye ualbino huenda asisome bango la njia mpaka gari liwe limeshampita, kwa hiyo konda aite njia kwa sauti. Na wapo wenye ulemavu usioonekana, kama usonji au kifafa, ambao wanahitaji tu kuaminiwa wanaposema wanataka kukaa pahali fulani.

Tuktuk ningeipa sura yake peke yake kama nafasi ingeruhusu. Sakafu yake iko chini, pa kuingilia hapana mlango, na mtu huhamia kutoka kitini bila kubebwa. Kwa wengi mjini hapa ndiyo usafiri wa kweli. Kasoro yake ni kwamba mwenye kiti hulazimika kuikodi peke yake, akalipa nauli ya watu watatu kwenda hospitalini tu. Baisikeli za mkono za magurudumu matatu hazikunjiki, kwa hiyo wenye nazo hubaki barabarani na malori. Hapo ithibati haitasaidia mpaka pawe na magari yenye sakafu ya chini na ngazi ya mteremko, na hizo ni fedha za kweli ambazo sacco peke yake haiwezi.

Kwenye kivuko cha Likoni nako kuna somo la ukaguzi. Tofauti ya maji kupwa na maji kujaa wakati wa bamvua huzidi mita 3. Maji yakijaa, feri hugonga karibu na juu ya gati, na mwenye kiti cha magurudumu anatoka kwa kusukumwa kidogo tu. Maji yakikupwa, anashukia chini kabisa ya mteremko, saruji imelowa, umati nyuma yake unakimbilia magari. Mtu yule yule, kiti kile kile, siku moja, safari mbili zisizofanana. Mkaguzi akija maji yamejaa ataandika kwamba mambo ni mazuri, arudi ofisini. Kwa hiyo tarehe za ukaguzi wa feri zipangwe kwa kufuata maji, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, saa ya kupwa. Mvuvi yeyote wa hapa anaweza kumpangia mkaguzi ratiba hiyo bila kufungua kitabu.

Wakaguzi wenyewe wawe akina nani? Nasema bila kusita: watu wenye ulemavu, waliofundishwa ukaguzi na wanaolipwa kwa siku kama mkaguzi mwingine yeyote, wapande kama abiria wa kawaida bila kutangaza. Mimi nikisimama kituoni na daftari, makondakta hunitambua kwa mbali na heshima huanza ghafla. Mama wa Mwembe Tayari angejua ukweli wa sacco moja kwa safari tatu. Cheti kiwe na tarehe ya kwisha, kisizidi mwaka mmoja, na sacco ikinyang'anywa ithibati, kibandiko kitolewe kwenye magari yote wiki hiyo hiyo, la sivyo abiria atazoea kutokiamini.

Msomaji unaweza kuanza leo, kabla mpango wowote haujazinduliwa. Ukiona mtu ameachwa kituoni, andika namba ya gari, jina la sacco, kituo na saa, kisha upige simu ya sacco iliyoandikwa ubavuni. Usiseme "magari yenu yana tabia mbaya". Sema gari fulani, saa fulani, lilifanya hivi. Mwenyekiti wa sacco hawezi kulifanyia kazi lalamiko lisilo na namba ya gari. Kwenye rasimu ya ukaguzi ninayoitumia kufundishia, hilo ndilo jaribio la kwanza kabisa: tunapiga simu ile ya ubavuni mara tatu kwa siku tatu tofauti. Isipopokewa, hatufungui ukurasa wa pili.