Kabla hujampelekea mchuaji bega lako

Tangu jimu za uani ziongezeke Pasua na Majengo, vijana wanaofika idara yetu ya fiziotherapia hapa Moshi na maumivu ya bega wamekuwa wengi, na karibu wote huanza hivi: "Daktari, bega limeteguka." Bega lililoteguka huwezi kuingia nalo getini ukitaniana na mlinzi. Mara nyingi kinachouma ni kano za misuli minne inayolishikilia, hasa ile inayopita chini ya ncha ya mfupa wa bega. Ukiinua mkono kwa ubavuni, maumivu hukushika katikati, ukifika juu yanaachia. Usiku upande huo haulaliki.

Wagumu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, mizigo yao hupimwa getini. Kijana wa jimu ananyanyua makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege na kuchomekwa kwenye bomba, kilo hazijui, na kopo moja zito kuliko jenzake. Yapimeni, hata kwa mizani ya duka la nafaka. Chuma kisishushwe nyuma ya shingo. Kwenye benchi, viwiko visitanuke usawa wa mabega. Ukisukuma, siku nyingine vuta: mgongo nao ni mwili, japo hauuoni kwenye kioo.

Bega likishauma, punguza uzito lakini usiufunge mkono, bega litakakamaa. Funga mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye kitasa, bana kiwiko ubavuni, vuta kiganja kwenda nje taratibu mara 10 hadi 15, seti 3. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12. Wiki, si siku. Na diklofenaki, dawa ya maumivu, si peremende. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha aulize kwanza.

Anza zahanati au kituo cha afya. Barua ya rufaa iwe na muhuri, na jina lilingane na la kwenye kadi ya bima. Herufi moja ikipishana utarudishwa dirishani, na karani hana kosa. Usidai eksirei, haionyeshi kano.

Ila bega likibadilika umbo, mkono ukishindwa kuinuka baada ya kuanguka, ukipata ganzi au homa, au bega likiuma huku kifua kinabana, achana na barua. Nenda dharura moja kwa moja.