Barua ya malalamiko si maoni ya muswada

Hapa ofisini kwetu Moshi yamezidi malalamiko ya namna moja: "Tuliliandikia Bunge, halikutusikiliza." Nayapokea kwa heshima, maana wanaoyaleta wametumia muda wao na nauli yao. Ila nikiomba nakala ya kilichopelekwa, mara nyingi nakuta barua ndefu, yenye uchungu wa kweli, isiyotaja hata ibara moja ya muswada.

Kikundi kimoja cha watumia maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, kutoka huko juu mlimani, kiliniletea kurasa tisa kuhusu muswada uliogusa vyanzo vya maji. Nane zilieleza jinsi mababu walivyouchimba mfongo ule. Ya tisa iliomba "Serikali iliangalie suala hili kwa jicho la huruma." Nikawauliza: neno gani litoke, lipi liingie? Katibu wao, mama mwenye daftari la michango lililofunikwa kwa gazeti, akapekua muswada taratibu, akaweka kidole. "Hapa wametupa siku 14 za kukata rufaa. Barua hutufikia siku ya 10. Tunaomba 30." Sentensi hiyo mbunge anaweza kuiandika kwenye jedwali la marekebisho. Zile kurasa nane hawezi.

Utaratibu ni huu. Muswada huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, husomwa Mara ya Kwanza bila mjadala, kisha hupelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Kamati ndiyo huwaita wadau kwa tangazo. Unaweza kwenda Dodoma, au ukatuma maoni kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge. Baadaye hufuata Kusomwa Mara ya Pili na mjadala, Kamati ya Bunge Zima ambayo hupitia ibara kwa ibara, Mara ya Tatu, ndipo Rais atie saini. Mlango wa wananchi uko kwenye kamati. Anayeleta mapendekezo muswada ukishasomwa Mara ya Tatu amechelewa, hata awe na hoja nzuri kiasi gani. Muswada ukija kwa hati ya dharura muda hubana sana, na walio mbali na Dodoma huumia zaidi. Ni halali kabisa asasi kuliambia Bunge hivyo.

Kuna wanaoniambia kwamba asasi ikiikosoa wizara mbele ya kamati imeingia kwenye siasa. Hapana. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Litaisimamiaje bila kuambiwa maji yamekauka wapi? Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 tumejifunza kupiga kura; kuzungumza na tuliowachagua kati ya uchaguzi mmoja na mwingine bado tunasuasua. Wengine huniuliza posho ni shilingi ngapi. Kutoa maoni si semina.

Mwananchi mmoja mmoja hahitaji cheti ili atoe maoni. Lakini anayesema kwa jina la shirika lisilo la kiserikali, shirika hilo liwe limesajiliwa kwa Sheria Na. 24 ya 2002, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Jumuiya za watumia maji zina sheria yake, msizichanganye. Baada ya marekebisho ya 2019 cheti cha shirika hudumu miaka 10, halafu huhuishwa. Taarifa ya kila mwaka ni lazima, hata kama mwaka huo hamkupata mfadhili; nalirudia hili kila wiki. Kuendesha shirika bila usajili ni kosa: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na aliyetiwa hatiani haruhusiwi kushika uongozi wa shirika lolote kwa miaka mitano.

Wale wa mfongo walirudi na karatasi moja, safu mbili: "Ilivyo" na "Tunavyopendekeza", na chini yake sababu kwa mistari mitatu. Mama katibu aliinakili kwa mkono. Moja ya kamati, moja ya mbunge wao, ya tatu akaibandika nyuma ya daftari la michango.