Uwatu mchanga na vumbi la makumbi

Wateja wangu wa uwatu mchanga hapa Unguja, yaani miche inayoliwa ingali na siku chache, wengi wao kina mama wanaonyonyesha, huniuliza nimeuotesha kwenye nini, kana kwamba dawa inatoka kwenye trei. Kwa siku 10 za mwanzo, sehemu kubwa ya chakula na dawa imo ndani ya mbegu. Yale majani mawili ya kwanza huitwa ghalambegu, na jina halikukosea: mche hula akiba ya ghalani kabla mizizi haijashika kazi. Vitamini C hujitengenezea wenyewe, na hapo mwanga una neno kuliko udongo.

Yanayobadilika sana kwa kubadili udongo ni madini. Hilo nilifunzwa na vumbi la makumbi ya nazi. Makumbi yetu hufukiwa ufukweni miezi kadhaa yalainike, ndipo yapondwe yasokotwe kamba. Nikaliokota vumbi lake bure, nikafurahi. Uwatu ukaota vizuri, kisha ncha za majani zikaungua: lilikuwa limejaa chumvi ya bahari. Hata likishaoshwa lina ujanja wake. Limeshikilia sodiamu na potasiamu; ukilimwagia maji yenye kalsiamu, linaikamata kalsiamu na kuachia hizo mbili. Unadhani umeulisha mche, kumbe umelisha makumbi. Siku hizi naliosha mpaka maji yasionje chumvi, nalilaza usiku mmoja kwenye maji ya kalsiamu naitreti (mbolea yenye kalsiamu) lishibe kwanza, nalisuuza tena.

Mboji ina madini tele, lakini ikizidi, na trei ikakaa kivulini, majani hujaza naitreti, chumvi ya naitrojeni isiyotakiwa kuzidi kwenye chakula.

Halafu kuna mtego wa mizani. Gramu 100 za miche yenye maji asilimia 90 zina gramu 10 za kitu kikavu. Maji yakifika asilimia 94, zimebaki 6. Kwa hiyo mtu akiniambia udongo wake "una lishe zaidi", namuuliza kwanza: umepima mbichi au kavu?

Na udongo safi hauokoi mbegu chafu. Mwaka 2011 nchini Ujerumani bakteria wa E. koli waliua watu zaidi ya 50, na uchunguzi ukaelekea kwenye mbegu za uwatu kutoka Misri, zilizooteshwa kuliwa zikiwa chipukizi.

Uwatu basi naupanda kwenye makumbi yaliyooshwa na mboji kidogo iliyoiva. Rehani hapana. Mbegu yake ikilowa hutoa ute, vumbi linaganda mpaka kwenye majani. Kitambaa cha pamba kinaitosha.