Bingwa wa dunia wa nani? Ugomvi wa WDSF na WDC

Ukisikia jozi fulani ni mabingwa wa dunia wa wolzi na tango, uliza kwanza: kwa chama kipi? Katika dansi ya ukumbini ya mashindano (si dansi yetu ya bendi), vyombo viwili, WDC (World Dance Council) na WDSF (World DanceSport Federation), hutoa mataji ya dunia kila kimoja kivyake, kwa mitindo ileile.

WDC ndiyo kongwe. Ilizaliwa Edinburgh mwaka 1950 kwa jina jingine, ikawa ya walimu na wachezaji wa kulipwa. Wachezaji wa ridhaa walipata chombo chao mwaka 1957 huko Wiesbaden, Ujerumani, nacho baadaye kikaitwa IDSF, na tangu 2011 WDSF. Kila upande ulijua eneo lake. Kisha mwaka 1997 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaitambua kikamilifu IDSF. Kamati hiyo hutambua shirikisho moja kwa kila mchezo, kwa hiyo IDSF ikaanza kujiona mwenye nyumba. Mwaka 2007 WDC ikafungua ligi yake ya ridhaa, IDSF nayo ikajenga upande wa kulipwa. Mpaka ukafutika.

Silaha ya kwanza ni usajili. Kanuni za upande wa WDSF zimewahi kuwazuia wachezaji wake kushiriki mashindano yasiyo na kibali chake, na adhabu ni kufungiwa. Hili kwangu ni kosa kubwa. Tamasha la Blackpool, Uingereza, linalochezwa tangu 1920 na lenye sakafu inayotamaniwa kuliko zote, liko nje ya kalenda ya WDSF. Kumlazimisha kijana wa miaka 20 achague kati ya ukumbi huo na timu ya taifa ni kumnyima miaka yake bora.

Silaha ya pili ni majaji, na hapa ndipo mamlaka yenyewe yalipo. Kwa mfumo wa zamani uitwao skating, kwenye fainali kila jaji huzipanga jozi kwa nafasi: ya 1, ya 2, kuendelea. Alama hazijumlishwi, kinachotafutwa ni wingi. Wakiwa majaji 7, wingi ni 4. Tuseme katika dansi moja jozi A imepata 1, 1, 1, 4, 4, 5, 5, na jozi B imepata 1, 2, 2, 2, 2, 3, 3. Hakuna yenye nafasi za kwanza nne, basi tunahesabu “ya 2 au bora zaidi”: A inabaki na tatu, B ina tano. Isipokuwepo jozi ya tatu yenye hesabu kama hiyo, B ndiyo ya kwanza katika dansi hiyo. Sasa mwondoe jaji mmoja aliyeiweka A ya 4, mlete anayeiweka ya 1. A inafikisha nafasi nne za kwanza, inashinda papo hapo, na zile 4 na 5 zilizobaki hazina kazi tena. Jaji mmoja tu! Ndiyo maana kila chama hung'ang'ania leseni za majaji wake kuliko hata jina la taji. Tena majaji wengi ni walimu, na wanafunzi wao wanaweza kuwa wamo humohumo ukumbini.

WDSF imejaribu kuliziba hilo kwa mfumo wa alama hadi 10 katika vipengele vinne: ufundi, mwendo na muziki, ushirikiano wa jozi, mpangilio na uwasilishaji. Alama iliyo mbali sana na za wenzake hupunguzwa uzito. Ni hatua njema, ila orodha ya majaji bado inaandikwa na chama chenyewe.

Nayo Olimpiki? Breki (breaking, dansi ya mtaani ya hip-hop) ndiyo iliyoingia Paris 2024, chini ya WDSF, na haimo Los Angeles 2028. Wolzi bado haijaingia.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya kuingia shindano, angalia kibali ni cha nani, majaji wana leseni ya wapi, na chama chako cha taifa kiko upande gani. Marekani, kwa mfano, USA Dance iko WDSF, na NDCA (National Dance Council of America) imekuwa upande wa WDC. Uliza kwa maandishi, na jibu ulihifadhi.