Je, wajua kwa nini ganda la risasi ni la shaba njano?

Chuma ni rahisi kuliko shaba, tena ni kigumu zaidi. Hata hivyo majeshi mengi ya dunia, kwa zaidi ya miaka 100, yameendelea kuyavika masasi yao maganda ya shaba njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, mali ambayo bei yake hapa Lubumbashi inafuatwa na kila mtu, kuanzia mchimbaji hadi mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa nini kitu kinachotumika mara moja na kuanguka chini kigharimu hivyo?

Wengi hudhani ganda ni mfuko wa kubebea baruti. Kama ingekuwa hivyo, karatasi ingetosha, na kwa kweli karatasi ilijaribiwa. Bunduki ya Dreyse, iliyopokelewa na jeshi la Prusia mwaka 1841, ilikuwa miongoni mwa za kwanza za kijeshi kujazwa kwa nyuma badala ya mdomoni, na baruti yake ilifungwa kwa karatasi. Askari alifyatua haraka kuliko adui yake, lakini gesi ya moto ilivuja nyuma, karibu na uso wake, hata wengine wakapendelea kufyatulia kiunoni. Wafaransa wakajibu mwaka 1866 kwa Chassepot, iliyokuwa na pete ya mpira ya kuzuia gesi. Ilikuwa nzuri, ila mpira ukipigwa na moto kila mara unakakamaa na kupasuka.

Kilichokosekana ni kizibo kipya kwa kila risasi, na ndiyo kazi halisi ya ganda. Pini inapogonga kiwashio kitakoni, baruti inageuka gesi, na shinikizo ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, hupanda hadi zaidi ya mara 3,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Ganda linatanuka na kubana kuta za chemba pande zote. Gesi inakosa pa kutokea nyuma, basi inaisukuma risasi mbele.

Hiyo ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu rahisi. Risasi ikishatoka na shinikizo kushuka, ganda lile lile lililobana kwa nguvu zote linatakiwa kujirudi, sehemu ndogo sana ya milimita, ili lilegee na kuchomolewa. Lisipojirudi, mwenye bunduki ameshika fimbo. Wamarekani walilipata tatizo hilo kwa bunduki yao ya Springfield ya mwaka 1873, ambayo masasi yake ya mwanzo yalikuwa na maganda ya shaba nyekundu. Shaba tupu ni laini: inavutika halafu inabaki ilivyovutika. Chemba ikipata moto ganda linanata, na askari anabaki kulichokoa kwa kisu. Waingereza nao walikuwa na Martini-Henry, ambayo ganda lake la kwanza lilisokotwa kwa karatasi nyembamba ya shaba njano. Huko Sudani mwaka 1885, katikati ya mchanga na joto, maganda hayo yalikwama na kuchanika, ikabidi jeshi lihamie kwenye ganda la kipande kimoja.

Mchanganyiko uliozoeleka kwa maganda ni shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30. Una ulaini wa kutosha kutanuka bila kupasuka, na unyumbufu wa kutosha kujirudi. Haupati kutu kama chuma. (Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa mjini, mgodi mmoja una shaba na zinki pamoja. Vitu vyote viwili katika shimo moja!)

Wapiga shaba wetu, wale wanaotengeneza sahani na picha za kutundika ukutani, wanaujua upande mwingine wa jambo hili bila kusomea popote. Ukigonga shaba sana inakuwa ngumu na kuanza kupasuka, kwa hiyo lazima uirudishe motoni ilainike ndipo uendelee. Kiwandani ni hivyo hivyo. Kisahani cha shaba njano kinasukumwa na mashine kiwe kikombe, kinapashwa moto, kinavutwa kirefu zaidi, kinapashwa tena. Mwishoni kitako kinaachwa kigumu, maana ndicho kinachoshikwa na ndoano ya kuchomolea, na shingo inalainishwa kwa moto mara ya mwisho. Ndiyo maana masasi mengi ya kijeshi yana doa la rangi ya samawati au kahawia shingoni. Si uchakavu, ni alama ya moto wa kiwandani.

Shingo isipolainishwa vizuri, mambo huharibika polepole. Jeshi la Uingereza nchini India lilishangaa kuona maganda mazima, ambayo hayajafyatuliwa, yakipasuka yenyewe ghalani majira ya mvua. Maelezo kamili yalichapishwa mwaka 1921. Masasi yalikuwa yamewekwa kwenye mazizi ya farasi. Mkojo wa farasi hutoa amonia, na amonia ikichanganyika na unyevu hula shaba njano pale ambapo imebaki na mkazo wa kuvutwa kiwandani. Mimi naona hakuna kisa kizuri kuliko hiki katika historia nzima ya bunduki: jeshi kushindwa na mkojo.

Tukija kwetu, watu hupenda kuitaja Shinkolobwe, mgodi wa Katanga uliotoa urani, na bomu la atomiki, wakasahau kwamba Katanga ilikuwa imeingia vitani mapema zaidi kupitia shaba. Tanuru la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, likatoa karibu tani 1,000. Mwaka 1917, vita vikiwa vimepamba moto, Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga, ilivuka tani 27,000. Ujerumani, iliyozuiwa njia za baharini, ilifikia kushusha kengele za makanisa yake ili kuziyeyusha. Na katika vita vya pili viwanda vyake vililazimika kutengeneza maganda mengi kwa chuma, kwa sababu shaba ilikuwa haba.

Hapo ndipo tunafika kwenye bunduki inayojulikana na kila mtoto wa Kongo. Wasovieti nao waliona shaba ni ghali kwa masasi ya mamilioni. Risasi ya AK, yaani Kalashnikov, iliyoanza kubuniwa mwaka 1943, imetengenezwa kwa wingi kwa ganda la chuma lililopakwa vanishi au shaba kidogo ili lisishike kutu. Lakini chuma hakijirudi vizuri kama shaba njano. Kinachosaidia ni umbo. Ganda la AK ni pana kitakoni, karibu milimita 11.3, na linapungua hadi kama 10 kabla ya shingo. Likivutwa nyuma hata kidogo tu, linaachana na kuta za chemba upande wote.

Sasa panga masasi 30 ya namna hiyo moja juu ya jingine. Kwa kuwa kila moja ni jembamba mbele, rundo lenyewe linajipinda kuelekea mbele, na magazini, yaani kisanduku cha masasi kinachochomekwa chini ya bunduki, inabidi ilifuate. Ule mkunjo maarufu wa Kalashnikov haukuwekwa kwa ajili ya sura. Iangalie bunduki ya FAL ya Herstal, Ubelgiji, ambayo nayo imebebwa sana nchini mwetu: ganda lake ni la shaba njano, upana wake unapungua kwa karibu milimita 0.4 tu, na magazini yake ya masasi 20 imenyooka karibu kabisa.