SDR ni nini, na kwa nini bado inahitaji koili

SDR (kifupi cha software-defined radio) ni redio ambayo sehemu kubwa ya kazi yake imetolewa kwenye saketi ikapewa programu. Katika redio ya kawaida, kama zile kuukuu zinazorundikana kwa mafundi wa Katwe hapa Kampala, kila kazi ina kifaa chake: koili na kapasita huchagua stesheni, saketi moja hutoa sauti ya FM, nyingine ya AM. Kwenye SDR mawimbi hugeuzwa kuwa namba mapema, kisha kompyuta ndiyo inayochagua, inayochuja na kutoa sauti. Ukitaka kuhama FM kwenda AM hugusi hata rezista moja.

Dhana hii ilipata jina mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia mhandisi Mmarekani, Joseph Mitola. Sisi wa kuchezea saketi nyumbani ilitufikia kwa kishindo mwaka 2012, ilipojulikana kwamba chipu ya RTL2832U, iliyoundwa kwa ajili ya vidude vya USB vya kutazamia televisheni, inaweza kumwaga namba ghafi moja kwa moja kwenye kompyuta. Kichekesho ni kwamba hapa Uganda kidude hicho hakina kazi kwa televisheni: dijitali yetu ni ya mfumo wa DVB-T2, nacho kinaelewa DVB-T tu. Kwa redio, ni dhahabu.

Sasa, kubuni SDR yako mwenyewe ni kubuni nini hasa? Kwa maoni yangu ni kuamua jambo moja: namba zianzie wapi. Kinadharia unaweza kuunganisha antena na kipimaji cha dijitali ukamaliza. Lakini kanuni ya Nyquist inataka sampuli, yaani idadi ya vipimo vya wimbi kwa sekunde, ziwe angalau mara mbili ya upana wa masafa unayoyapokea. FM inaishia MHz 108. Kuchukua kila kitu toka sifuri hadi hapo kunadai sampuli zaidi ya milioni 216 kwa sekunde. Chipu za namna hiyo zipo, ila bei yake na ugumu wa kuzilehemu vinakatisha tamaa. Wengi wetu tunashusha masafa kwanza kwa kuyachanganya na wimbi la osileta, saketi inayozalisha wimbi la masafa tunayoyachagua, ndipo tunapima.

Hapo ndipo zinapoingia herufi mbili zinazowatisha watu, I na Q. Tuseme osileta iko MHz 7.100. Stesheni ya 7.110 na ile ya 7.090 zote ziko umbali wa kHz 10 kutoka hapo, kwa hiyo zikichanganywa zote hutoka kama kHz 10, zimelaliana. Mtazame mwendesha baiskeli ukiwa nyuma yake: pedali inapanda na kushuka, lakini kwa kuiangalia hiyo tu hujui kama inazungushwa mbele au kinyumenyume. Mwenzako aliye juu ya mti anaiona ikienda mbele na kurudi. Mkiunganisha mlichoona, mwelekeo unajulikana. I ni jicho lako, Q ni jicho la aliye mtini: wimbi lilelile limepimwa mara mbili, kwa tofauti ya robo ya mzunguko. Ya 7.110 inazunguka upande huu, ya 7.090 upande ule, na programu inazitenga.

Kwenye bodi, kazi hiyo hufanywa na chipu ya swichi za kasi kama FST3253. Osileta ya Si5351 inatoa MHz 28.4, yaani mara nne ya 7.1. Flip-flopu mbili, saketi ndogo za kugawa masafa kwa mbili, zilizomo ndani ya 74AC74 zinaigawa kuwa zamu nne, na swichi inapeleka mawimbi ya antena kwenye kapasita nne, moja baada ya nyingine. Opampu, yaani chipu za kukuza ishara, zinatoa I na Q, ambazo huingia kwenye kadi ya sauti kama kushoto na kulia. Kadi ya sampuli 96,000 kwa sekunde itakuonyesha kwa mpigo mmoja masafa yote kati ya 7.052 na 7.148. Angalia tu tundu lenyewe: la maikrofoni kwenye laptop nyingi ni la mono, yaani la njia moja tu, kwa hiyo Q yako itapotelea hapo. Tafuta kadi ya USB yenye kupokea stereo. Njia za I na Q zikitofautiana nguvu kwa asilimia 1, kivuli cha stesheni ya upande wa pili kinabaki, dhaifu kwa desibeli 46 hivi. Programu hurekebisha kiasi, lakini kuoanisha rezista kwa mita kabla ya kulehemu hakugharimu chochote.

Tatizo kubwa zaidi la mtu wa Kampala ni nguvu za FM. Milingoti iko vilimani, Kololo kwa mfano, na wewe uko bondeni na kile kidude cha USB cha biti 8, chenye ngazi 256 tu, kama desibeli 50 kati ya ishara kubwa na ndogo kabisa. Ukiongeza ukuzaji, FM inajaza ngazi zote na kukatwa kichwa. Ukipunguza, ishara ya mbali inazama. Baya zaidi, stesheni mbili zenye nguvu huzaana ndani ya amplifaya: moja ikiwa 105 na nyingine 91, mara mbili ya 105 ukitoa 91 ni 119, ndani ya masafa ya ndege yanayoanzia 118 hadi 137. Unasikia tangazo la sabuni mahali ambapo hakuna rubani aliyelisoma. Programu haiwezi kulifuta, maana uchafu umeingia kabla namba hazijaanza.

Dawa ni filta ya kuzuia 88 hadi 108, kapasita chache na koili za waya wa vanishi kutoka kwa wasuka mota, zote ndani ya kiboksi cha bati kilichounganishwa na graundi. Kwenye masafa ya chini adui ni mwingine: taa za LED, chaja za simu na inveta za sola. Zima kimoja kimoja ukitazama skrini.

Programu zenyewe hazina shida. GNU Radio na Gqrx ni za bure. Kurusha ni habari nyingine: kunahitaji leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, na kwa redio za ridhaa (za wapenzi wa redio, si za biashara) alama ya wito inayoanza na 5X. Kwa hiyo bodi ya kwanza iwe ya kupokea tu.