Usonji na kusoma hisia: acheni kumbebesha mmoja mzigo wa wawili

Nimeletewa tena ripoti imeandikwa mtoto hatambui hisia za wengine kwa sababu ana usonji (autism kwa Kiingereza), muhuri umegongwa, mzazi kaisoma kalia. Kazi yangu ni kupima jinsi watu wanavyotambua hisia kwenye sura na kwenye mwendo wa mwili, na hayo maneno nshakutana nayo mno, kwa walimu, kwa madaktari, hata kwa wenzangu wa maabara ambao data wanaijua vizuri. Leo naandika yote hapa, kuanzia sasa ntakuwa natuma linki tu.

Historia naipitia haraka. 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walichapisha lile jaribio la wanasesere, Sally anaficha gololi kwenye kikapu, anatoka, Anne anaihamishia kwenye boksi, je Sally akirudi ataitafuta wapi? Watoto wenye usonji walikuwa 20, na 16 kati yao walionyesha pale gololi ilipo kweli badala ya pale Sally anapodhani ipo. Basi tangu hapo ikashikwa kwamba mwenye usonji hajui kilichomo kichwani mwa mwenzake, na taratibu, bila mtu yeyote kulipima, ikageuka kuwa hajali, hana huruma, hana hisia. Jamani, kujua mtu anaamini nini ni kitu kimoja, kujua anajisikiaje ni kingine, na kumjali ni cha tatu kabisa.

Sasa hisia zenyewe. Mirko Uljarević na Antonia Hamilton mwaka 2013 walikusanya machapisho 48 wakayachambua kwa pamoja. Tofauti ipo, sikatai, kwa wastani wenye usonji wanakosea zaidi, ila ukishasahihisha ule upendeleo wa uchapishaji (tafiti ambazo hazikuona kitu huwa hazichapishwi) tofauti inashuka karibu nusu, na kwenye sura ya furaha inakuwa ndogo sana. Kwa hiyo kutoka "kwa wastani kuna tofauti" hadi "huyu mtoto hatambui", mtu karuka mto mpana sana.

Na hata hiyo tofauti iliyobaki, inatoka wapi? Hapa naomba mnivumilie maana ndo panaponiudhi zaidi.

Kuna kitu kinaitwa aleksithimia. Ni mtu kushindwa kuzitambua na kuzieleza hisia zake mwenyewe, moyo unamwenda mbio, tumbo limekaza, lakini ukimuuliza ni hofu au hasira au njaa hawezi kukwambia. Siyo usonji hiyo. Kwa watu wasio na usonji inakutwa kwa kama 5 kati ya 100, na kwa wenye usonji ni karibu nusu. Nusu nyingine hawana! Sasa chukua kundi la wenye usonji ambalo nusu yake ina aleksithimia, lilinganishe na kundi ambalo karibu halina kabisa, halafu wape wote picha za sura. Lazima utaona tofauti, na ukiwa hukupima aleksithimia utasema ni usonji, kwa sababu ndo jina pekee uliloliandika kwenye fomu.

Richard Cook, Rebecca Brewer, Punit Shah na Geoffrey Bird wakafanya, 2013, kitu ambacho kilitakiwa kiwe kimefanyika miaka mingi nyuma, wakapanga makundi yawe na kiwango sawa cha aleksithimia. Kilichotabiri makosa kwenye kusoma sura kikawa ni aleksithimia, usonji wenyewe haukutabiri. 2016 matokeo ya namna hiyohiyo yakatoka kwa lile jaribio maarufu la macho, picha 36 za macho tupu unachagua neno linaloelezea anachojisikia mwenye macho, jaribio ambalo watu wameshalitumia miaka na miaka kama ushahidi kwamba wenye usonji hawasomi akili za wengine. Yaani karibu nusu ya watu wenye usonji wana shida hiyo ya ziada, halafu hukumu imeshushwa kwa wote.

Haya, na mimi nina wasiwasi wangu hapa. Aleksithimia tunaipima kwa dodoso la maswali 20 ambalo mtu anajijazia mwenyewe. Tunamuuliza mtu asiyezitambua hisia zake aseme anazitambua kiasi gani. Hiyo kasoro iko kwenye mzizi wa kipimo, siyo kwenye matawi, na bado ndicho tunachotumia sote, kwa hiyo mkiniona nasema "karibu nusu" jueni inategemea watu wanavyojielewa.

Halafu kuna suala la picha mgando, ambalo vitabu vingi hata havijishughulishi nalo. Hisia hazikai kwenye picha, ziko kwenye mwendo. 1973 Gunnar Johansson alionyesha kwamba ukibandika vitaa vichache kwenye viungo vya mtu, ukazima taa nyingine zote, anayetazama haoni chochote cha maana mpaka yule mtu atembee, akitembea tu unajua huyo ni binadamu. Na mtembeaji mwenye hasira anaenda kasi, mwenye huzuni anaenda polepole, sura nayo ni hivyohivyo, kasi ya nyusi na mdomo kubadilika inabeba taarifa. Unampa mtoto kadi yenye sura iliyoganda halafu unasema umepima anavyosoma watu?

Ila na wale wanaosema yote ni aleksithimia basi nao watulie kidogo. Connor Keating na Jennifer Cook na wenzao wa Birmingham walitumia sura zilizotengenezwa kwa nukta zinazotembea tu, na wakakuta watu wazima wenye usonji wanaikosea zaidi hasira kwa kasi ya kawaida hata baada ya kuhesabia aleksithimia. Huzuni na furaha haikuwa hivyo. Kwa hiyo kuna kitu kwenye mwendo.

Kitu gani? Hapa ndo napapenda. 2013 Jennifer Cook, Sarah-Jayne Blakemore na Clare Press waliwaambia watu wapeleke mkono kushoto na kulia, basi. Kwa kawaida mkono unapunguza kasi taratibu ukifika mwisho na kuongeza taratibu ukirudi. Wenye usonji mkono wao ulikwenda kwa kasi zaidi, mchapuko mkubwa zaidi (yaani kasi inapanda na kushuka upesi zaidi), na mabadiliko ya ghafla zaidi. Na waliokuwa na tofauti kubwa zaidi mkononi ndio walioelekea zaidi kuuona mwendo wa kawaida wa binadamu kama si wa asili. Kisha 2017 Rosanna Edey na wenzake wakapima watu kwa jumla, wakakuta kwamba kasi ya mtu anavyotembea yeye inaathiri anavyoona hisia kwenye mwendo wa mwingine, anayetembea haraka anaiona huzuni ya mtu wa polepole kuwa kali zaidi kuliko hasira ya mtu wa kasi. Tunawapima wengine kwa miili yetu.

Unganisha hizo mbili. Kama mwili wangu ndo kipimo changu, na wako unaenda tofauti na wangu, mimi ntakukosea na wewe utanikosea. Edey huyohuyo 2016 aliwapa watu pembetatu wazisogeze kuonyesha mambo kama kushawishi au kudhihaki, na watu wasio na usonji wakazisoma vibaya zaidi zile zilizosogezwa na wenye usonji. Hakuna hata mmoja aliyeandikiwa ripoti kwa hilo. Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alishaandika 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Na Noah Sasson na wenzake 2017 wakaonyesha watu wanawahukumu vibaya wenye usonji ndani ya sekunde chache tu za video, ila wakipewa maneno yaleyale kwa maandishi bila sura wala sauti, ule ubaguzi unapotea. Yaani walichokisema hakikuwa na shida.

Hapa pia sitaki kuwauzia hadithi tamu. Kama ingekuwa ni kutofautiana kwa miili tu basi wenye usonji wangesomana wao kwa wao bila shida, na Brewer 2016 hakuona hivyo, sura walizotengeneza wenye usonji ziliwapa taabu hata wasomaji wenye usonji, inaelekea kila mtu ana mtindo wake. Catherine Crompton naye 2020 alikuta taarifa inapita vizuri kati ya wenye usonji na inapotea kwenye makundi mchanganyiko, lakini utafiti mkubwa zaidi wa 2025 wenye watu 311 haukuona upotevu huo. Mi bado naamini pande mbili zipo, ila uhakika niliokuwa nao 2020 umepungua.

Na karibu zote hizi nilizotaja za mwendo na aleksithimia zimefanywa kwa watu wazima wanaozungumza na wenye uwezo wa kujaza dodoso. Kuchukua matokeo yao ukamwandikia mtoto wa miaka 6 asiyezungumza, kwa upande wowote ule, ni kubahatisha.

Kwa hiyo mkiniletea ripoti, nataka nione aleksithimia imepimwa au angalau imeulizwa, nijue jaribio lilikuwa picha au video, nijue hizo sura zilikuwa za nani, na iandikwe mtoto alimkosea nani, kwenye hisia ipi, na huyo mtu naye alimsoma mtoto vizuri kiasi gani. Hiyo ya mwisho sijawahi kuiona kwenye ripoti yoyote.